Thawabu za Baba Mdogo Tin

Chumsaeng, 24 Machi

Kaka Kamthon,

Pokea salamu zenye joto la pasi. Mama mdogo Prayong ameamuru tuandikiane barua, na unajua amri ya mama mdogo haina rufaa. Anasema kwa simu tunagombana kabla hata ya kuulizana kama tumekula, soko zima linasikia, na baba bado yupo hekaluni ndani ya jeneza lake akisubiri watoto wake wapatane. "Andikeni," kasema. "Mtu akianza kutafuta kalamu, nusu ya hasira inamwisha." Nimetafuta kalamu. Nusu imeisha, iliyobaki utaiona humu.

Watawa wanamsomea baba kila wiki, na mimi nampelekea kahawa yake ya kopo. Siku mia zikitimia tutamchoma, na mpaka hapo kitabu cha msiba kiwe tayari. Kazi hiyo umeichukua wewe na sikukukatalia. Wewe ni profesa wa fasihi, mimi ni mfua nguo. Maisha ya marehemu mbele, andiko alilolipenda nyuma, kila mgeni aondoke na nakala yake siku ya moto, hata kama kusoma kwa baba kuliishia kwenye maandishi ya magunia. Ninakuomba jambo moja. Usimwandike kama unavyowaandikia maprofesa wenzio. Watakaokisoma ni wauza samaki.

Umeuliza siku hizi nasoma nini. Sisomi, nasikiliza. Mikono iko kwenye sare za shule lakini masikio hayana kazi, basi namwazima mzee mmoja anayejirekodi akisoma riwaya za zamani, namsikiliza kwenye simu. Anakohoa, anakunywa maji, mara nyingine anasinzia kidogo halafu anarudia mstari. Wiki hii kanisomea habari za mwanamke aliyeachwa, anakwenda kuwa mpishi katika nyumba ya yule aliyemnyang'anya mume. Nimeunguza kola kwa ajili yake. Ninyi wasomaji mna raha, mnaona kurasa zilizobaki, mnajua sasa mambo yanakaribia kuisha. Mimi sioni chochote. Mtu ananifia sikioni nikiwa nanyunyiza wanga, sina hata pa kukimbilia.

Usichelewe kunitumia ulichoandika.

Mdogo wako,
Lamduan


Songkhla, 4 Aprili

Lamduan,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, kwa hiyo mwambie mama mdogo dawa yake inafanya kazi.

Huyo mzee wako anayekohoa mwache apumzike. Kusikiliza si kusoma, mdogo wangu. Anayesoma anaweza kusimama, kurudi nyuma, kubishana na mwandishi pembeni mwa ukurasa. Anayesikiliza anaburuzwa tu. Mimi nimemaliza riwaya nene ya jaji mstaafu anayepitia upya hukumu zake zote, akagundua kwamba nyingi zilikuwa sahihi na hilo halimsaidii kitu. Ni kitabu kikubwa. Sikuguswa sana, lakini nilikiheshimu hadi mwisho.

Kitabu cha baba kinakwenda vizuri. Nyuma nitaweka mahubiri juu ya kupita kwa mambo yote, yale niliyomsomea hospitalini. Aliyasikiliza kwa utulivu mkubwa. Mbele nimeanza hivi:

"Sanguan alizaliwa juu ya chelezo cha magogo ya msaji kilichokuwa kikishuka mto Nan. Baba yake alikuwa muongoza magogo. Alikuwa na mdogo wake, Tin, na wawili hao walilala chini ya blanketi moja. Msimu mmoja wa mvua Sanguan alitumwa tumbaku nchi kavu. Aliporudi, Tin hayupo. Mto haukubakiza hata kofia yake. Tangu siku hiyo mama yao aliweka kila jioni sahani ya wali na samaki mkavu ukingoni mwa chelezo, na kila asubuhi aliikuta vilevile ilivyo."

Nilipofika hapo niliinuka nikaenda kunawa uso. Ninafundisha riwaya miaka yote hii na sijakutana na mwanzo wa maisha unaouma kama huo. Sijaongeza neno. Ni yeye mwenyewe, kama alivyokuwa akitusimulia chini ya chandarua.

Niambie kama nimekosea kitu.

Kaka yako,
Kamthon


Chumsaeng, 16 Aprili

Kaka,

Hukukosea kitu. Nimeusoma ukurasa wako nikiwa nimesimama mlangoni pa posta, nikalia, tarishi akadhani nimepata habari ya kifo kingine.

Mwaka mpya wetu wa Aprili tumeusherehekea kwa adabu. Watoto walimwagiana maji barabarani kama kawaida, nami nikamwagia maji ya mawaridi picha ya baba. Halafu tulikwenda hekaluni kuwafanyia wafu wetu thawabu. Unakumbuka baba alivyokuwa akiyaandika majina yale kwenye karatasi ya kuchomwa, herufi zake zimelala upande? Mwaka huu nimeandika mimi. Mama. Babu na bibi wa upande wa mama. Baba mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Na baba mdogo Tin, kama kila mwaka tangu tukiwa wadogo. Wakati wa kumimina maji ya kuwafikishia thawabu nilijihimiza nilie kama baba alivyokuwa akilia kwenye jina la Tin, sikuweza. Yeye alikuwa akilia mpaka bakuli linagonga kinara.

Nilimsomea mama mdogo ukurasa wako. Nilidhani ataupenda. Alisikiliza mpaka kwenye sahani ya wali, akasema, "Kaandika vizuri," akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nadhani ni huzuni. Siku hizi analia akiwa ananipa mgongo.

Mpishi wangu amekwisha kusamehe. Mimi nisingesamehe. Ningetia chumvi.

Lamduan


Chumsaeng, 8 Mei

Kaka Kamthon,

Kaa chini kwanza.

Mzee wa kwenye simu ameanza kitabu kingine. Cha zamani, anasema, kiliwahi kuigizwa redioni, na mwaka jana kimechapishwa tena. Kinaitwa Watoto wa Chelezo. Nikasema, afadhali, nimsikilize kwa ajili ya baba. Nilikuwa na shati la mkuu wa shule mbele yangu.

Kaka, ni sisi. Sijui niseme vipi. Chelezo cha msaji, mto Nan, ndugu wawili, blanketi moja. Mkubwa anatumwa tumbaku. Anarudi. Na yule mzee anakohoa, anakunywa maji, anasema: "Mto haukubakiza hata kofia yake." Na mdogo anaitwa Tin! Shati la mkuu wa shule limetoboka mgongoni kwa umbo la pasi, itabidi nimnunulie jingine.

Nimerudisha nyuma nikasikiliza tena na tena. Sahani ya wali ipo. Samaki mkavu yupo. Ni maneno ya baba yaleyale, ila kwa sauti ya mtu asiyetujua.

Sasa niambie. Ndicho kitabu alichokuomba hospitalini? Nilikuwa mlangoni, shuka zake safi mikononi, nikasikia. Alisema, "Kamthon, kuna kitabu cha watoto wa chelezo, nasikia kinauzwa tena. Nitafutie unisomee." Nilidhani anataka hadithi inayofanana na utoto wake, basi. Ukamwambia, "Baba, hizo ni riwaya za vibandani. Mimi nitakusomea kitu cha kukufaa sasa." Naye akajibu, "Haya, mwanangu, soma unachokijua wewe." Ukatoa mahubiri yako mfukoni.

Kitabu cha msiba kiko wapi? Kimekwenda kwa mpiga chapa?

Lamduan


Songkhla, 14 Mei

Lamduan,

Tulia. Mambo ya namna hii hutokea katika fasihi kuliko unavyodhani. Waandishi wa zamani walikaa kwenye vilabu vya pombe kando ya mto wakinunua hadithi za watu kwa glasi. Inawezekana kabisa mwandishi alikutana na babu yetu, au na muongoza magogo mwingine aliyemjua. Hata jina asingejisumbua kulibadilisha. Kwa maneno mengine, si baba aliyechukua kwa kitabu, ni kitabu kilichochukua kwetu. Ningeweza kuandika makala juu ya jambo hili.

Nimekwenda maktaba kuangalia tarehe yake tu. Toleo la kwanza lilitoka baba akiwa kijana, tayari anabeba magunia kwenye kinu cha mpunga. Hilo halikanushi ninachosema.

Tena jiulize: mtu asiyeweza kusoma kitabu angeutoaje utoto wake ndani ya kitabu?

Muulize mama mdogo. Yeye na mama walikuwa wapishi pale kinuni, atakumbuka wazee wa baba walikuwa nani. Uliza kwa upole, usimtie hofu. Na fanya haraka, mpiga chapa ameshaanza kupanga kurasa.

Nimeanza kusoma wasifu wa mwanafalsafa mmoja aliyeishi pangoni. Sielewi ninachosoma.

Kamthon


Chumsaeng, 21 Mei

Kaka,

Hukunijibu habari ya hospitali. Nimeona.

Mama mdogo nilimkuta anamenya ukwaju. Nikamwambia, "Mama mdogo, baba alizaliwa wapi?"

"Nani kakutuma?"

"Kaka."

"Profesa hajui? Si kaandika?"

"Mama mdogo, nimekisikia kitabu. Mwanzo wote nimeusikia, mpaka sahani."

Akaacha ukwaju. Akafuta mikono yake polepole sana, kidole kimojakimoja, nikaogopa. Akasema, "Mama yenu aliniapisha. Lakini mama yenu ameshakufa, na sasa mnataka kuiweka hadithi ile kwenye karatasi wapewe watu wote." Basi akaniambia, nami nakuandikia kama alivyosema, bila kupamba.

Baba aliletwa kinuni akiwa mdogo hata hajui kujifunga nguo. Boti la mpunga lilimshusha, likaondoka. Tajiri wa kinu alidhani watarudi kumchukua, akawaambia wapishi wamtunze, ndiyo hilo jina Sanguan, yaani aliyetunzwa. Hakuna aliyerudi. Hakujua mama, hakujua baba, hakujua mto upi. Alilala juu ya magunia.

Alipokuwa kijana tajiri alileta redio, na kila jioni wafanyakazi walikaa ghalani kusikiliza mchezo wa Watoto wa Chelezo. Mwaka huo mto ukafurika, ghala likaingia maji, redio ikafa kabla mchezo haujaisha. Mama mdogo anasema watu walibaki wanagombana mwaka mzima: Tin amekufa au yu hai? Mama yetu alishika kwamba atarudi. Baba alishika kwamba amekufa. "Walikuwa wakibishana mpaka wali unaungua," anasema mama mdogo. "Hivyo ndivyo walivyooana."

Kisha tukazaliwa sisi. Na wewe, kaka, ulipoanza kusema sana, kila usiku ulimwambia, "Baba, hadithi ya ulipokuwa mdogo." Hakuwa nayo. Angekwambia nini? Magunia? Basi akakupa ile ya redio, akasema "mimi". Mama alikuwa akijiziba kinywa kwa khanga asicheke. Lakini tulipokua kidogo ukaja siku moja, wewe mwenyewe, umemshika mkono mtawa, ukasema tunataka kumfanyia thawabu baba mdogo Tin aliyezama. Nikiwa nyuma yako nimebeba maua. Mama akacheka. Mtawa akaandaa bakuli. Na baba, badala ya kusema ukweli, akapiga magoti akamimina maji, akalia kilio ambacho mama hakuwahi kukisikia. Tangu siku hiyo mama akakataza mtu yeyote kucheka.

Nikamuuliza, "Mama mdogo, alikuwa akimlilia nani, kama Tin hakuwepo?"

Akasema, "Mtu aliyeachwa hata hajui kaachwa na nani. Mkampa mtu wa kumlilia. Ungemnyang'anya?"

Hayo ndiyo yote. Mimi naomba ukurasa wako ubaki ulivyo. Mji mzima unajua habari ya Tin. Baba aliichagua mwenyewe na akaishi nayo muda mrefu kuliko watu wengi wanavyoishi na ukweli wao.

Lamduan


Songkhla, 28 Mei

Lamduan,

Nimekata. Maisha yake yanaanza kinuni. Nimeandika: "Aliletwa akiwa mtoto. Asili yake haijulikani." Siwezi kutia jina langu chini ya utoto wa kubuni, na wengine kati ya wageni ni wenzangu wa chuo, watakitambua mara moja. Ingekuwa kichekesho juu ya jeneza lake.

Na kwenye karatasi ya majina ya kuchomwa, tafadhali, siku hiyo usimwandike yule mtoto. Tusiwasumbue watawa kwa mtu wa riwaya.

Najua utakasirika. Kasirika. Nitafika mapema siku mbili kabla.

Kamthon


Chumsaeng, 17 Juni

Kaka,

Umeondoka bila kuaga vizuri na mimi nikajifanya nina nguo za kukunja. Basi nasema sasa.

Kitabu ni kizuri kwa macho. Karatasi nzuri, picha nzuri, mahubiri yamejaa kurasa. Lakini ulisimama na wenzio wa chuo upande ule wa mahema, hukusikia niliyoyasikia mimi mlangoni nikiwagawia watu. Muuza bata alifungua palepale, akasoma, akarudi kwangu. "Lamduan, mbona mmemwacha Tin nje? Baba yako kanisimulia mpaka nilimwota." Mke wa kinyozi akauliza kama mmegombana na upande wa baba. Upande gani wa baba, kaka? Mzee Chuai wa boti, unayemjua, aliyekuwa akicheza bao na baba kila Jumapili, alishika kitabu kifuani akaniambia, "Haijulikani. Mtu mmejuana naye maisha yote, mnaandika haijulikani."

Nilimwandika Tin kwenye karatasi. Uliniona. Wakati wa kumimina maji ulisogea nyuma ukaangalia viatu vyako, na mimi nikalisema jina kwa sauti, mama mdogo akalisema pia. Hapo ndipo nilipolia hatimaye, na sikumlilia Tin. Nilimlilia baba, kwamba aliogopa watoto wake watamcheka. Na sasa nakuuliza: angekwambia ukweli hospitalini, ungemcheka? Nimejiuliza mwenyewe pia. Mimi nisingecheka, lakini ningesema, ngoja kwanza nimalize pasi.

Tulimjua anapenda kahawa ya kopo. Tulimjua hapendi kuvaa soksi. Nimelia kwa ajili ya mpishi wa riwaya ambaye najua mpaka jina la paka wake.

Majivu yamewekwa kwenye ukuta wa hekalu, karibu na mama. Mama mdogo kachagua mahali penye kivuli mchana.

Jambo la mwisho. Nimeshindwa kuendelea na Watoto wa Chelezo. Nimefika mahali ambapo maji yamepungua na wanaume wanateremka kutafuta mifupa, na sijui mbele kumebaki saa ngapi au dakika ngapi. Siwezi kumsikiliza mgeni akikohoa na kumzika baba mdogo wangu. Kama utakisoma wewe, ambaye huburuzwi, niambie inakwishaje. Kama hutaki, basi.

Lamduan


Songkhla, 1 Julai

Lamduan, mdogo wangu,

Nimekipata. Si vibandani. Kilikuwa maktaba ya chuo, ghorofa ileile ninayopita kila siku, na kwenye kadi yake hakuna aliyekiazima. Nimekisoma kwa usiku mmoja na asubuhi yake nikakosa darasa.

Uliniuliza habari ya hospitali mara mbili. Ndiyo, ni hicho. Jina nililijua alipolitaja, ila sikuwahi kukifungua; kwenye idara yetu tunakitaja tunapotaka kuwachekesha wanafunzi. Si kitabu kibaya. Kuna mahali kinalia kupita kiasi, na mwandishi anapenda mno machweo, lakini yule mama na sahani yake hawanitoki kichwani. Jaji wangu yule, na hukumu zake zote, sikumbuki tena hata jina lake.

Sasa sikiliza, maana sitaki ulisikie kwa yule mzee.

Wanaume wanatafuta mifupa na hawaipati. Miaka inapita. Baba mtu anakufa, chelezo kinakuwa cha mwisho mtoni, kaka mkubwa anaoa na kuhamia nchi kavu, mama anabaki anaweka sahani yake, watu wanamcheka. Halafu sura ya mwisho. Jioni moja boti la wauza mitungi linafunga kamba karibu. Kijana mmoja anashuka, anazunguka zunguka, hajui kwa nini mahali hapa anapajua. Ana njaa. Anaona sahani ukingoni. Anakaa, anakula wali wote, anakula samaki, analamba vidole. Asubuhi mama anakuja kuchukua sahani na anaikuta tupu. Kijana amelala pembeni yake.

Ni Tin, Lamduan. Wauza mitungi walimuokota na kumlea. Amerudi.

Mama yetu alikuwa sahihi na baba alikosea. Alikosea maisha yake yote, kwa sababu redio iliingia maji. Alimlilia mtoto aliye hai. Na mwaka jana, mtu mzima anayejua kwamba hatoki tena kitandani, akasikia kitabu kimechapishwa tena, akamwomba mwanawe profesa amsomee. Hakutaka mahubiri ya kupita kwa mambo yote. Alitaka kujua kama mtoto alirudi. Sijui alikuwa akijiulizia nani hasa, na hakuna wa kumuuliza. Alilala amefumba macho, nami nikaandika kwenye kitabu cha msiba kwamba alisikiliza kwa utulivu mkubwa.

Nimempigia mpiga chapa. Anasema vimekwisha gawiwa vyote, haviwezi kurekebishwa, labda nichape upya na niwafuate watu nyumba kwa nyumba. Niwaambie nini, muuza bata na mzee Chuai? Kwamba sasa inajulikana?

Leo baada ya chakula cha mchana nilijimiminia chai, nikafungua sura ya mwisho, nikaisoma kwa sauti tangu mstari wa kwanza, peke yangu, mlango umefungwa. Sikuwa na haraka. Nilipumzika kwenye mikato, nilirudia mahali pale kijana anapoiona sahani, kama ambavyo ningemsomea yeye. Nilitaka tu kujua ingenichukua muda gani.

Nilipofunga kitabu chai ilikuwa bado ya moto.

Kaka yako,
Kamthon